Pilipili ya Mama Zuhura na Machozi ya Mgeni Rasmi

Tangu nivue aproni, watu wananiuliza siri ya pilipili ya hoteli yetu. Wanaouliza zaidi ni wanaume ambao hawajawahi kumenya hata kitunguu, nao husikiliza nusu ya jibu, kisha wanauliza inauzwa wapi. Basi haya nawaandikia nyinyi mliobaki jikoni, mnaoungua vidole kila siku. Vyeo na mishahara nitaviruka. Vyeo vyetu vilikuwa vya kubadilisha rangi ya kofia, na mishahara ilijua zaidi njia ya kutoka kuliko ya kuingia.

Nilikuja Gisenyi, mji ulio mpakani na Goma, nikiwa msichana mkubwa tayari, pamoja na wazazi wangu waliorudi kutoka Karagwe. Kinyarwanda changu kilikuwa cha nyumbani na Kiswahili changu cha shule ya Tanzania. Jikoni walikiita Kiswahili cha redio. Siku ya kwanza nilimwendea mama aliyekuwa mkuu wa michuzi, nikainama kidogo: "Shikamoo mama. Nimeelekezwa nije kwako." Jiko zima likacheka. Yeye hakucheka. Alinitazama kuanzia viatu hadi kitambaa cha kichwa.

"Marahaba. Bon, kichwa umefunga muzuri. Sasa osha mikono, mupaka ku kiwiko."

Huyo ndiye Mama Zuhura. Alikaa Birere, upande wa Goma, na kila asubuhi alivuka Petite Barrière, kivuko kidogo cha mpakani, kwa miguu, katikati ya wanawake wenye mabeseni ya nyanya na wabeba mizigo wanaokimbia kama wamefukuzwa. Wenzake walivuka na bidhaa. Yeye alivuka na kisu kimoja kidogo kilichofungwa kwenye kitambaa, na askari wa zamu walishakizoea kama walivyomzoea mwenyewe.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa kutoa vikonyo vya pilipili mbuzi, beseni zima. Mama Zuhura alinipaka mafuta ya kupikia mikononi, hadi katikati ya vidole, akanieleza kwamba mafuta yanazuia ukali usishike ngozi. Nilielewa vizuri sana. Nilichosahau ni kwamba nilikuwa pia na jicho. Lilipowasha kidogo kwa moshi nikalifikicha, na mlio niliotoa, nasikia, uliwafikia wageni waliokuwa wakiogelea ziwani. Nikakimbilia bomba. Mama Zuhura akanishika ukosi.

"Acha mayi! Mayi inatembeza moto. Leta maziwa!"

Alinifuta kwa kitambaa kilicholowa maziwa, polepole, huku akimgombeza mtu mwingine kuhusu wali. Jicho lilipofunguka akasema, "Sasa umeingia kazi."

Namna ya kuipika mnaijua, lakini nitaiandika kwa sababu nilipokuwa naondoka niliona mmeanza kuruka hatua. Pilipili zioshwe, zianikwe kwenye sinia mpaka zikauke kabisa. Yenye maji hukurushia mafuta usoni, na ukiivumilia hapo, itaoza kwenye chupa. Kitunguu kitangulie, kwa moto mdogo, mpaka kiwe laini na rangi ya chai ya maziwa. Kifuate kitunguu saumu, tangawizi, na karoti iliyokunwa ili kuleta utamu, ndipo pilipili ziingie. Chumvi na siki mwisho. Chupa ziwe za kioo, zichemshwe, zijazwe mchuzi ukiwa bado moto. Mama Zuhura hakuonja kwa kijiko. Aliinamia sufuria, akavuta pumzi moja kwa pua, kisha akataja kilichopungua. Kijiko, alisema, ni cha wageni.

Vyombo vyake vilikuwa vichache kiasi kwamba mtu angedhani tumeibiwa. Kisu chake kidogo chenye ncha. Ubao wa kukatia pilipili peke yake, kwa sababu ubao huo ukikatia nanasi, utaomba radhi kwa harusi nzima. Kinu cha mbao, mwiko, chujio la matundu madogo, faneli, na sufuria nzito ya chuma kisichoshika kutu. Aluminiamu aliikataza kabisa. Siki na aluminiamu hazielewani. Mchuzi unageuka kijivu na ladha yake ni kama umelamba ufunguo. Ukitaka kununua chombo, alitufundisha, kishike kwanza kikiwa na maji na mkono wako ukiwa na mafuta. Kikikuteleza dukani, jikoni kitakuunguza.

Bahati mbaya aliyekuwa akinunua vyombo hakuwa yeye. Alikuwa Directeur wetu, mkurugenzi wa hoteli, mtu mwema aliyeamini kwamba tatizo lolote la jikoni linatibiwa na kitu chenye waya wa umeme. Wengine wakisafiri huleta vitenge. Yeye alileta mashine. Alituletea kifaa cha kukata yai vipande vinavyolingana, kana kwamba wateja walikuwa wanagombania vipande. Akaleta cha kutoa kokwa la parachichi, kilichofanya kazi ya kijiko kwa muda mrefu zaidi. Mwishowe akaleta mashine kubwa ya kusaga, kukata, kukuna na kukanda, iliyokuja na visu vingi na kitabu cha maelekezo katika lugha ambazo hakuna aliyezijua. Mama Zuhura aliizunguka kama mtu anayenunua mbuzi.

"Inaweza kuchagua pilipili ku soko?"

"Hapana, Mama," akajibu Directeur.

"Inaweza kujiosha?"

"Hapana, lakini..."

"Donc iko bwana mwingine ku nyumba."

Siku ya kuizindua, mfuniko haukubana. Ukungu wa pilipili ukapanda ngazi hadi ukumbi wa chakula, na wageni wakatoka nje wakikohoa na kutazama upande wa volkano ya Goma. Baada ya hapo mashine ilihamishiwa ofisini kwa Directeur, ikafunikwa kitambaa cha kufuma, na wakaguzi wakija ndiyo waliyoonyeshwa kwanza. Sisi tuliendelea kutwanga. Simaanishi kwamba mashine ni adui. Blenda ndogo yenye mfuniko unaobana nimeitumia miaka na sijutii. Ila mkishazima, subirini kidogo kabla ya kufungua, na nyuso zenu ziwe upande mwingine.

Miaka ikapita hivyo, ya vitunguu na mvuke, hadi Mama Zuhura alipougua mafua. Yalikuwa mafua mabaya ya kumlaza kitandani. Aliporudi alikuwa amekonda, lakini sauti yake ilikuwa ileile, na tukashukuru. Alifunga aproni, akainamia sufuria kama kawaida, akavuta pumzi. Akainama tena. Kisha akasema, "Ongeza pilipili."

Tukaongeza. Kesho yake tukaongeza tena. Baada ya wiki chache, pilipili yetu ilikuwa imeacha kuwa chakula, imekuwa mtihani.

Mngedhani wateja walilalamika. Hamuwajui wateja wetu. Mwanaume wa hapa haombi maji mbele ya wakwe zake. Anaomba bia, na bia inatengenezwa hapo jirani karibu na Rubona, kwa hiyo hata uzalendo unahusika. Innocent, msimamizi wa baa, alikuwa akija jikoni kila jioni kutupongeza. "Mama, usibadilishe kitu," alikuwa akisema, huku kreti zikibebwa nyuma yake. Ukumbini watu wazima walikaa wakitokwa jasho, masikio yamewaiva, wakiambiana kwamba haina ukali wowote, ya zamani ndiyo ilikuwa kali.

Jikoni sote tulijua. Wahudumu walijua. Lakini nani angemwambia? Yeye ndiye aliyetufundisha ladha ni nini. Ni kama kumwambia padri kwamba amekosea Baba Yetu. Nilijaribu mara moja, kwa kuzunguka. Nikasema, "Mama, naona leo pilipili zimekomaa sana." Akajibu, "Mi nimekomaa kuzipita," na mazungumzo yakaisha.

Ikaja semina. Mnazijua semina. Hii ilihusu kuwajengea uwezo wanawake wa biashara ndogo za mpakani. Wanawake wenyewe walikaa nyuma. Mbele walikaa waliokuja kuwajenga. Kwa kuwa wengi walitoka Goma na wengine Busasamana, iliamuliwa kwamba kila kitu kiendeshwe kwa Kiswahili. Mgeni rasmi alitoka Kigali, mtu mkubwa, aliyejulikana kwa kusoma hotuba tangu mwanzo hadi mwisho bila kuinua macho. Ratiba ilichelewa, kama ratiba zinavyopenda, ikaonekana bora wageni wa meza kuu wapewe kitu cha kutafuna kabla ya hotuba. Tukapeleka sambaza za kukaanga, wale samaki wadogo wa ziwa letu, na bakuli la pilipili katikati.

Mgeni rasmi alidhani ni mchuzi wa nyanya. Fidèle, mhudumu wa meza kuu, alimwona akichota kijiko kilichojaa na kukipeleka mdomoni chote. Alitaka kusema kitu, lakini ndipo mshereheshaji alipotangaza jina la Mheshimiwa, na watu wote wakasimama.

Mama Zuhura nami tulikuwa tumesimama mlangoni pa ukumbi, kwa kuwa alipenda kuona watu wakila. Mheshimiwa alifika kwenye kipaza sauti na karatasi zake. Akasema, "Ndugu washiriki." Akanyamaza. Akaziweka karatasi chini, jambo ambalo halikuwahi kuonekana, akainua macho, na macho yale yalikuwa yanabubujika.

"Hawa mama," akasema, akionyesha nyuma kwa mkono. Akashika meza. "Hawa mama..."

Ukumbi ukatulia kabisa. Mwanamke mmoja akaanza kulia kwa sauti ya chini.

"Maji," akasema Mheshimiwa. "Jamani. Maji!"

Muuza nyanya mmoja akasimama kule nyuma kama aliyechomwa sindano. "Anasema kweli! Ku soko yetu hakuna mayi! Tunaosha nyanya na nini?"

Makofi yakalipuka. Vigelegele vikafuata. Waandishi wa taarifa ya semina wakaandika mpaka kalamu zikaona aibu. Kila mtu alipiga makofi, ndiyo maana hakuna hata mmoja aliyempelekea mtu yule glasi. Alirudi kwenye kiti akiwa amefunika uso kwa leso, na waliokaa karibu wakampapasa bega. Tangu siku hiyo alialikwa kwenye kila mkutano unaohitaji moyo. Na soko la wale mama liliwekewa bomba kabla msimu haujaisha. Linatoa maji mpaka leo. Nimeona miradi iliyofikiriwa zaidi ikifanya kidogo kuliko hiyo.

Mama Zuhura alikuwa akijifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Huyu mzee iko na roho," alisema tukirudi jikoni. "Wakubwa wote wangekuwa hivi..."

Hakumaliza. Fidèle aliingia mbio. "Maziwa! Haraka! Mheshimiwa anaungua!"

"Anaungua na nini?" akauliza Mama Zuhura.

Fidèle akageukia kabati kutafuta glasi.

"Fidèle. Anaungua na nini?"

"Na pilipili, Mama."

"Pilipili yangu?"

Nilimimina maziwa, Fidèle akatoka nayo. Mama Zuhura akaenda kwenye sufuria, akachukua kijiko, kile cha wageni, akaonja. Tulisimama kama watu wanaosubiri daktari. Alimeza, akatikisa kichwa kukubali.

"Iko sawa," akasema. Kisha akatutazama mmoja mmoja, mpaka akafika kwangu. "Vestine. Iko sawa?"

"Hapana, Mama," nikasema. "Haijawa sawa tangu ulipougua."

Akaweka kijiko chini taratibu. Alikaa kwenye gunia la viazi, na mara ya kwanza nikaona jinsi alivyokuwa mzee.

"Tangu ile mafua, kila kitu iko kama mayi," akasema. "Vitunguu. Samaki. Hata sabuni. Nainama, nanusa, hakuna kitu. Ile moto tu ndiyo inanifikia. Nikawa naongeza, nisikie hata kitu kimoja."

Alifungua aproni, akaikunja, akafunga kisu chake kwenye kitambaa, akatokea mlango wa nyuma. Hapo hapo Directeur akaingia kwa mlango wa mbele, uso unang'aa. "Wapi Mama Zuhura? Kuanzia leo pilipili hii iwe kwenye kila semina!"

Hakuja kesho yake, wala siku zilizofuata. Jumapili baada ya misa nilivuka kwenda Birere. Nilimkuta uani kwake, vyombo vyake vyote vya nyumbani vimetandazwa kwenye mkeka, na majirani wawili wanaondoka na masufuria kichwani, wamefurahi kupita kiasi cha heshima.

"Karibu," akasema bila kusimama. "Mi nagawa. Mupishi asiyenusa iko kama kipofu muuza vioo. Chagua kitu, uende."

Nilijua kubishana naye hakufai. Nikapiga magoti mkekani, nikachagua chujio kubwa la bati, lililokuwa linang'aa kuliko vyote.

"Hiyo?" akafoka. "Nilikufundisha miaka yote, unachagua hiyo? Angalia matundu! Mbegu zote zitapita! Weka chini. We unataka chombo ama unataka kioo?"

"Basi lipi, Mama?"

"Ile." Akanyoosha kidole kwenye dogo, jeusi, lililoviringishwa waya ukingoni. Halafu akatambua kwamba nilikuwa namtega anifundishe tena, akaurudisha mkono haraka.

Nikamwambia nimekuja na pilipili kwenye mfuko, na kwamba tangu aondoke mchuzi wetu unashikana chini ya sufuria kila mara. Hilo lilikuwa kweli. Akaufungua mfuko, akazigeuza pilipili moja moja. Baada ya muda akaniambia niwashe jiko la makaa.

Alipika amekaa kwenye kigoda, nami nikiwa pembeni. Ndipo nilipogundua kitu ambacho sikuwahi kukiangalia. Alijua kitunguu kimefikia wapi kwa kusikiliza; mlio wa mafuta ulipotulia, akageuza. Alijua karoti imeiva kwa jinsi mwiko ulivyokuwa mzito mkononi. Alikosa jambo moja tu. Ulipofika wakati wa kuinama, hakuinama. Akanisogezea sufuria, akatazama ukutani.

Nikaonja.

"Chumvi haitoshi," nikasema. "Na tangawizi imezidi."

"Imezidi?"

"Imezidi, Mama."

Kuku wa jirani alipita katikati yetu bila wasiwasi. "Ungeniambia hivyo zamani," akasema, "ningekupiga na mwiko." Kisha akachukua chumvi. "Sema wakati inatosha."

Jumatatu alivuka mpaka pamoja na wale wenye mabeseni. Alikwenda moja kwa moja ofisini kwa Directeur, akamwambia mbele ya ile mashine yenye kitambaa: pua yake imekufa, yeye atapika na Vestine ataonja, na kama hoteli haitaki wapishi wawili wanaofanya mmoja, aseme sasa. Directeur alikuna kidevu. Alisema tuendelee, na akaahidi kwamba safari yake ijayo atatafuta mashine ya kunusa.

Pilipili ikarudi kuwa chakula. Innocent alikuja kulalamika kwamba kreti zinarudi zimejaa. Directeur naye alilalamika, kwa upole, kwamba hotuba za semina zimekuwa ndefu tena na hakuna anayelia. "Mwambie," Mama Zuhura akanituma, "mi nauza chakula, siuzi kilio." Sikuyafikisha kwa maneno hayo.

Tulifanya kazi hivyo, bega kwa bega, muda mrefu. Yeye alisikiliza, mimi niliinama. Kuna siku tuligombana juu ya siki mpaka tukapitisha mchana bila kusemeshana, tukionyeshana kwa vidole. Nilizoea kumwambia ukweli, naye akazoea kuusikia, na sijui ni nani aliyepata shida zaidi.

Asubuhi moja ya mvua, nilikuwa kwenye zamu ya vitunguu. Mzigo wa samaki ulikuwa umefika kutoka Rubona, nikageuka kubishana na mleta samaki dirishani kuhusu ukubwa wa sambaza zake. Mama Zuhura alikuwa mbali, upande wa pili wa jiko, anaosha chupa, bomba limefunguliwa wazi, kiasi kwamba hata mlio wa mafuta asingeusikia.

"Vestine," akasema. "Vitunguu vinaungua."

Niliendelea kubishana. Kisha maneno yake yakanifikia. Nikageuka. Alikuwa amesimama na chupa mkononi, maji yanamwagikia viatu vyake, ametulia kama mtu aliyeitwa jina na mtu asiyemwona. Nikatazama sufuria: ukingoni vitunguu vilikuwa vimeanza kuwa vyeusi, na moshi mwembamba ndiyo kwanza unapanda. Mimi, pua ikiwa kwa samaki, sikuwa nimesikia harufu yoyote.

Nikarukia sufuria kuiepua.

"Usiguse," akasema. Aliweka chupa chini, akaja polepole, akainama juu ya moshi ule mpaka nikaogopa kwa ajili ya nyusi zake. "Acha kwanza ninuse. Acha viungue."